Gunda la Keya: Nembo ya Kofia ya Askari na Namna ya Kuisoma

Katika nyumba moja mtaani Mtopanga, upande wa Kisauni, kuna mkebe wa biskuti ambamo imehifadhiwa nembo ndogo ya shaba ya manjano, isiyozidi upana wa vidole vitatu. Imeota kutu ya kijani, kishikizo chake kimoja cha nyuma kimekatika, na sehemu ya katikati imelika hata haisomeki vizuri. Mwenyewe alikuwa askari katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Alipoachishwa jeshi alipata kazi ya ukuli bandarini Kilindini, akajenga Mtopanga, na huko ndiko alikozikwa. Mjukuu wake alinionyesha nembo hiyo siku aliyokuwa akikusanya masufuria mabovu na vipande vya mabomba ili amuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Alitaka kujua mambo mawili tu: kitu kile ni nini, na je, kina bei?

Hatukukosa wa kutusaidia. Kijana mmoja aliyekuwa akipita alisema ni kikapu, na kwa kweli kina tumbo chini na kamba mbili zinazokutana juu kama mkono wa kikapu. Fundi wa mabomba alishikilia kuwa ni pambo la mlango wa kabati la kizamani. Wa tatu alikuwa bibi wa nyumba ya pili, Mgiriama wa umri mkubwa, ambaye hakukubali kuishika. Aliitazama kwa mbali akasema, "Hilo ni gunda. Gunda la Keya." Kisha akageuza uso, akaendelea kuchambua mchicha wake.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya nembo hiyo, jinsi ilivyofika kwenye vipaji vya askari wa Afrika Mashariki, na maana zilizoshonwa ndani yake. Nitajaribu pia kuonyesha kwamba bibi yule aliisoma vizuri kuliko sisi sote, na kwamba hata alipogeuza uso alikuwa bado anaisoma.

Neno lenyewe

Yafaa tuanze na neno, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa Kiswahili. Leo mtu akisema nembo, fikira zetu huenda kwenye alama ya chuo, ya chama au ya kampuni. Kamusi za zamani hazikuanzia hapo. Humo nembo ni chale, yaani alama iliyochanjwa mwilini, hasa usoni, ya kumtambulisha mtu na watu wake, kama zile walizokuwa nazo Wamakonde na Wayao. Nembo ya namna hiyo haivuliwi jioni. Mtu hulala nayo, huamka nayo, na huzikwa nayo.

Kiswahili kilikuwa na maneno mengine ambayo yangaliweza kuchukua kazi hiyo. Nishani, lenye asili ya Kiajemi, lilikwenda upande wa tuzo na heshima. Beji lilitoka kwa Waingereza na bado linaning'inia vifuani mwa wanafunzi wa shule. Kwamba alama ya jeshi imeangukia neno la chale si jambo la kupita bila kutia alama. Askari aliivua kofia yake kila jioni, lakini majirani zake waliendelea kuiona nembo usoni pake miaka mingi baada ya kofia yenyewe kuliwa na mende.

Kutoka Rifles hadi Keya

Jeshi tunalolizungumzia ni King's African Rifles. Lilianzishwa rasmi tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha majeshi matatu ya kikoloni yaliyokuwapo: lile la Afrika ya Kati ya Waingereza (Malawi ya leo), lile la Uganda, na lile la Himaya ya Afrika Mashariki lililoitwa East Africa Rifles. Hili la mwisho lilikuwa jeshi la Mombasa. Liliundwa mwaka 1895, serikali ya Uingereza ilipochukua nchi kutoka kwa kampuni ya Imperial British East Africa, na katika mwaka huo huo likajikuta vitani na Mbaruk bin Rashid al-Mazrui katika pwani hii yetu. Vita hivyo havikwisha hadi 1896, baada ya kuletwa askari zaidi kutoka India na Mbaruk kuvuka mpaka kwenda kujisalimisha kwa Wajerumani.

Katika muundo mpya wa 1902, jeshi la Mombasa likawa kikosi cha 3. Vikosi vya 1 na 2 vilikuwa vya Afrika ya Kati, cha 4 na cha 5 vya Uganda, na cha 6 cha Somalia ya Waingereza. Hesabu hii ikumbukwe, kwa sababu namba ndiyo iliyokuwa jina la askari.

Herufi tatu za kifupisho cha jina hilo, zikitamkwa kwa haraka na midomo ya Kibantu, zilizaa neno Keya. Kutoka Keya kukazaliwa Kikeya, Kiswahili cha kambini chenye sarufi iliyopunguzwa, kilichotumika kati ya afisa Mwingereza na askari aliyetoka Nyasa, Ukamba au Acholi. Walimu wetu wametufundisha kukicheka Kikeya. Wapo wataalamu waliokitazama kwa makini zaidi, akiwemo Mungai Mutonya pamoja na mwanahistoria Timothy Parsons, walioandika juu yake mwaka 2004, na baada ya kazi kama hiyo mtu hawezi tena kukiita Kiswahili kibovu akaishia hapo. Lugha hiyo ilikuwa na wenyewe, na ilikuwa na kazi yake.

Tarbushi na tarakimu

Kabla ya kulifikia gunda, tuitazame kofia iliyovaliwa na askari wa mwanzo. Ilikuwa tarbushi ndefu, nyekundu kwa vikosi vingi na nyeusi kwa wale wa Nyasa. Juu yake iliwekwa tarakimu ya kikosi. Vikosi vingine vilitumia tarakimu za Kirumi, na vingine vilitumia zile za hati ya Kiarabu, na vikosi vya 1 hadi 4 viliziweka juu ya kiraka chenye umbo lake maalumu.

Jambo hili linastaajabisha kidogo. Jeshi la mfalme wa Kikristo, linaloongozwa na Waingereza, lilivika watu wake kofia ya Kituruki na kuwaandika ٣ badala ya 3. Sababu yake ni Wasudani. Kiini cha majeshi ya awali ya Uganda kilikuwa askari wa Emin Pasha, mabaki ya utawala wa Misri katika Sudani ya kusini, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Hao walikuwa wamefunzwa katika jeshi la Misri, nalo jeshi la Misri lilikuwa limefunzwa kwa desturi za Waturuki. Walipoingia Afrika Mashariki waliingia na tarbushi, na tarakimu, na maneno. Afande, tunalolisikia kila siku katika vituo vya polisi, ni efendi ya Kituruki. Buruji, jina la tarumbeta ya jeshi, nalo lina asili ya huko huko. Wajukuu wa Wasudani hao ndio Wanubi wa Kibera, na lugha yao, Kinubi, ni ushahidi mwingine wa safari hiyo ndefu.

Mtoto wa pwani aliyepitia chuoni, akasoma juzuu mbili tatu, hakuhitaji kufundishwa tarakimu hizo. Wakati huo Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Barua za biashara, tenzi na hati za mashamba ya Kisauni na Nyali ziliandikwa kwa hati hiyo. Kwa hiyo kijana wa Mombasa aliyeitazama tarbushi ya kikosi cha 3 alisoma alama aliyoijua kabla ya Mwingereza kufika, na ambayo afisa wa kikosi hicho ilimbidi ajifunze. Labda ni mahali pa pekee katika jeshi lile zima ambapo askari alikuwa msomi na bwana wake akawa mwanafunzi.

Tarakimu hizi zina mzaha wake, nami siwezi kuuacha. Saba ya Kiarabu, ٧, ina umbo lile lile la tano ya Kirumi, V. Tano ya Kiarabu, ٥, kwa jicho lisilozoea ni sifuri. Kikosi cha 7 kiliundwa mwaka 1917 kwa watu wa Unguja na Mafia, wakati kikosi cha 5, kilichokuwa kimevunjwa, kilishaundwa upya. Mwenye kusoma kwa jicho la Kirumi na mwenye kusoma kwa jicho la Kiarabu wangaliweza kusimama mbele ya alama moja wakataja namba mbili, kila mmoja akiwa na hakika kamili.

Pembe ya mwindaji

Sasa tulifikie gunda. Nembo iliyokuja kujulikana zaidi kuwa ya Keya ni pembe ya kupiga iliyopindwa, ikining'inia kwa ugwe uliofungwa juu yake, na tarakimu ya kikosi ndani ya nafasi iliyoachwa na ugwe huo. Ndiyo maana yule kijana aliona kikapu. Tumbo la kikapu ni pembe, na mkono wake ni ugwe.

Pembe hii haikubuniwa kwa ajili ya Afrika. Inatoka katika misitu ya Ujerumani, ambako wawindaji walijulishana kwa pembe, na ambako watawala waliwaandika wawindaji hao jeshini kwa kuwa walikuwa na shabaha. Waingereza waliiga jambo hilo mwishoni mwa karne ya 18, na mwaka 1800 wakaunda kikosi cha majaribio cha wapiga bunduki za mfuo, yaani bunduki ambazo ndani ya mtutu wake kuna mifereji inayoizungusha risasi ili iende mbali na sawa. Wapiga bunduki hao hawakusimama safu moja bega kwa bega. Walitawanyika, walijificha nyuma ya miti na mawe, kila mmoja akichagua shabaha yake. Ngoma ya kawaida ya jeshi haikuwafaa, kwani ni nzito na mpigaji wake hawezi kukimbia nayo vichakani. Pembe ilikuwa nyepesi na sauti yake ilifika mbali. Mwaka 1814 vikosi vya askari wepesi viliruhusiwa rasmi kuvaa alama ya pembe yenye ugwe, na tangu hapo pembe ikashikamana na kila jeshi la Kiingereza lenye jina Rifles, popote lilipoundwa, iwe India au Afrika.

Maana iliyokusudiwa basi ni hii: mwenye kuvaa pembe ni askari anayeaminiwa kuwa peke yake. Anatumia akili yake, anaamua mwenyewe wapi alale na lini afyatue, naye huitika akiitwa. Kwa askari wa Keya maana hiyo ilikatwa nusu. Wito ulibaki, na kuaminiwa kukapunguzwa. Waliotoa amri walikuwa Wazungu, na Mwafrika aliyepanda cheo hadi kikomo chake bado alimpigia saluti kijana aliyetoka Uingereza mwezi uliopita. Pembe ilipandishwa kofiani kwa desturi tu, kama jina la ukoo linalorithiwa na mtoto wa kambo pasipo shamba.

Siwa na gunda

Lakini alama haikai kimya mahali inapopelekwa. Ilipofika huku ilikuta pembe nyingine.

Watu wa pwani wana siwa. Ile ya Pate imechongwa kwa pembe za ndovu, ile ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Siwa hupulizwa kwa ubavuni, si kwa nchani kama tarumbeta ya Kizungu, na ilikuwa chombo cha mamlaka. Ilipigwa katika arusi na shughuli nyingine kubwa za waungwana, na haki ya kupigiwa siwa haikuwa ya kila mtu. Aliyesikia siwa alijua kwamba wenye mji wamesema. Kwa mtu aliyelelewa katika ustaarabu huo, pembe ya shaba juu ya kichwa cha askari wa mshahara ilikuwa kama kumwona mtumishi amevaa kilemba cha liwali: ama mamlaka yamehama, ama yamechezewa.

Bara kidogo, kwa Mijikenda, kuna gunda. Hili ni pembe ya mnyama, nalo hupigwa kuita watu: kwenye mkutano, kwenye ngoma, kwenye hatari. Mwenye gunda haonyeshi utajiri, anakusanya. Ndilo neno alilolitumia bibi wa Mtopanga, na nadhani alilichagua kwa sababu alilisikia likitajwa hivyo nyumbani kwao.

Mwezi wa Agosti 1914 unafahamika vizuri katika nchi ya Wagiriama. Serikali ilitaka kodi, ilitaka vibarua, na vita vilipokaribia ikataka wapagazi. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikuwa wamekwisha kuwakusanya watu kwa viapo mwaka 1913, wakakamatwa na kupelekwa Kisii, wakatoroka 1914 na kurudi kwa miguu, safari ambayo kwa ramani pekee humchosha mtu. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Wagiriama walipoinuka, waliotumwa kuwazima walikuwa askari wa Keya. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, watu wakauawa, na wale waliokaa kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa kuhama mashamba yao. Juu ya hayo wakatozwa faini ya rupia 100,000.

Tukilijua hilo, tunaelewa kwa nini mtu aweza kulitambua gunda mara moja na asitake kuligusa. Kwa ukoo wake, gunda la kwao liliita watu waje, na gunda la Keya lilipokuja watu walikimbia. Umbo ni moja. Mwandishi wa kitabu cha alama za jeshi angeandika kwamba nembo hii humaanisha wepesi na utayari, naye hangekosea kwa upande wake. Maana ya alama haimalizwi na aliyeichonga, na ukweli huu tunaufundishwa kila muhula katika darasa la semantiki kwa mifano ya maneno, ilhali mfano mmoja wa shaba ulikuwa katika mkebe Mtopanga.

Chuma cha kichwani na chuma cha shingoni

Vita Vikuu vya Kwanza vililikuza jeshi hili kupita kiasi. Mwaka 1914 lilikuwa na vikosi vitatu na askari wapatao 2,300. Kufikia 1918 vikosi vilikuwa 22, na askari walizidi 30,000. Pamoja nao walikwenda wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa kuhara, malaria na njaa, na ambao majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yanawakumbusha. Hao hawakuwa na gunda wala tarbushi.

Baada ya vita, serikali ya Kenya ilianza kuitekeleza sheria iliyokwisha kutungwa mwaka 1915, na kuanzia 1919 na 1920 wanaume Waafrika wakalazimishwa kubeba kipande. Hati hiyo iliwekwa ndani ya kijaluba cha madini na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na hakuna mwanazuoni aliyekipa jina la haki zaidi.

Hapa ndipo nembo yetu inapopata uzito ambao hauonekani katika maelezo ya jeshi. Serikali moja iligawa vyuma viwili. Kimoja kilikaa juu ya kipaji, kikang'arishwa kila asubuhi, na mwenye nacho akatembea kifua mbele. Kingine kilikaa chini ya kidevu, na mwenye nacho akasimamishwa na polisi njiani aeleze anatoka wapi na anafanya kazi kwa nani. Vyote viwili viliandikwa namba. Vyote vilisema, huyu ana mwenyewe. Askari aliyevua kile cha kwanza mara nyingi alingojewa na cha pili mlangoni mwa kambi. Siwalaumu walioipenda nembo. Mtu aliyepewa vyuma viwili kuchagua, atapenda kile cha kichwani.

Kofia ya pama

Katika Vita Vikuu vya Pili waliandikishwa kutoka Kenya watu wapatao 98,000, na Keya ikawa sehemu moja tu ya jeshi kubwa la Afrika Mashariki. Vitani tarbushi iliachia nafasi kofia ya pama yenye ukingo mpana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma, ilikuwa na alama yake yenyewe ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944 divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw katika msimu wa mvua kubwa, ikizama katika tope na kuugua malaria, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Kikosi cha 11, cha Wakenya, kilikuwa humo. Wengi wao walipandia meli hapa Kilindini, na si wote waliofika: meli ya Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, na karibu watu 1,300 wakafa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliorudi walirudi na macho mapya. Waruhiu Itote, aliyekuwa koplo wa Keya huko Burma, ndiye aliyejulikana baadaye msituni kama Jenerali China. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, vikosi vya Keya vilipelekwa dhidi ya Mau Mau. Pembe ya mwindaji ikarudi msituni kweli, na safari hii mwindwaji alikuwa amewahi kuivaa. Mwaka huo huo Elizabeth alirithi kiti cha enzi akawa malkia, lakini jeshi halikubadili jina, likabaki la mfalme hadi mwisho.

Mwisho wenyewe ulikuwa wa haraka. Kikosi cha 6 kikawa cha Tanganyika mwaka 1961, cha 4 kikawa cha Uganda mwaka 1962, na Desemba 1963 vikosi vya 3, 5 na 11 vikawa Kenya Rifles, vikibakiza namba zao. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, na jeshi lao likavunjwa na mahali pake pakaanzishwa Jeshi la Wananchi, jina la Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku chache baadaye waliasi askari wa kikosi cha 11 huko Lanet, karibu na Nakuru. Kenya haikuvunja jeshi lote. Ilivunja kikosi hicho na kuunda kingine mahali pake, kikaitwa cha 1.

Namba iliyolika

Nilirudi Mtopanga na kioo cha kukuzia. Ndani ya ugwe, pale ambapo hapana budi tarakimu iwepo, pamebaki mstari mmoja uliosimama wima. Pembeni mwake, upande wa kulia, shaba imelika. Mstari huo waweza kuwa moja ya Kirumi. Waweza kuwa moja ya Kiarabu, kwa kuwa hizo mbili hufanana. Lakini kikosi cha 1 kilikuwa cha Wanyasa, na marehemu hakutoka huko. Waweza pia kuwa nusu ya 11.

Nilimweleza mjukuu habari za Kabaw na za Lanet. Alisikiliza, kisha akauliza kama babu yake aliwahi kuchoma nyumba ya mtu. Nilimjibu kwamba mwaka 1914 babu yake alikuwa hajazaliwa. "Hawe hajali mwaka," alisema, akielekeza kidevu chake nyumba ya pili.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja alasiri na mizani yake ya kuning'iniza. Alipima masufuria na mabomba, akalipa. Nembo aliitundika peke yake kwenye ndoano, na mshale wa mizani haukusogea. Kijana akaitoa, akaipangusa kwa upindo wa shati, akairudisha mkebeni, na kabla ya kufunika akaenda hadi kwenye ua wa jirani kumuuliza hawe kama gunda la kwao lilikuwa na sauti gani.